Spika ya Mjomba Ilivyoshuka Kabatini

Bibi yangu mzaa mama alikuja kwetu Temeke kutoka Lindi na swali moja tu. Mwanawe, yaani mjomba wangu, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na miaka yake yote ya mjini alikuwa akimwambia kwamba anapiga gita la besi kwenye bendi. Santuri ya bendi hiyo tulikuwa nayo, moja tu. Mama akaiweka kwenye gramafoni yetu ndogo. Bibi akainama, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu anayeimba, siye. Mwenye tarumbeta, siye. Sasa mwanangu yuko wapi humu?"

Kweli, hakusikika. Spika ya gramafoni ilikuwa kama kisosi, sauti nzito haikuwa na pa kupita. Baadaye Bibi akaniita pembeni. "Mume wangu, niambie ukweli. Alikuwa anapiga kweli, au alikuwa ananifurahisha tu?"

Mume ndiye mie. Bibi zetu ndivyo wanavyotuitaga wajukuu. Lakini siku hiyo sikucheka. Basi lake la kurudi Lindi lilikuwa Jumanne, nami nikajiapiza kwamba hatapanda na swali lile.

Mie shule niliishia la saba, ila kwa kuota ndoto za mchana nilikuwa profesa. Nilikuwa najifunza useremala Keko. Na uvunguni mwa kitanda cha Mama, imefungwa kanga, ilikuwepo spika ya mjomba mwenyewe, pana kama sinia, ambayo wenzake wa bendi walituletea baada ya msiba. Nikaomba mabaki ya mninga, nikaiundia sanduku, nikalipiga msasa mpaka likang'aa. Fundi redio wa jirani akaniazima amplifaya kuukuu na kunionyesha nyaya zinavyopita.

Jumapili baada ya chakula nikaliingiza sebuleni, nimelikumbatia kama mtoto.

"Kabatini, na wenzake," Mama akasema.

Nami ndivyo nilivyotaka. Kwetu kitu cha heshima hakikai chini. Redio, gramafoni, glasi za wageni, picha ya harusi, vyote vilipandishwa juu ya kabati, kila kimoja na kitambaa chake cha kufuma. Nikalibananisha sanduku kando ya gramafoni, nikashusha sindano.

Glasi zikaanza kugongana. Ukaja mvumo, ukakua, ukakua kama lori linaloingia uani, kisha sindano ikaruka: kwaruu!

"Unaiua!" Mama akapiga kelele. "Ni moja tu hiyo!"

Nikainua sindano. Santuri ilikuwa na mkwaruzo mweupe. Nikabandika senti tano juu ya kichwa cha sindano ili kiwe kizito, kama walivyokuwa wakifanya wajanja wote mtaani. Ikaruka na senti yake.

Bibi, kutoka mkekani, akasema, "Nyie nanyi! Mmewalaza wote kitanda kimoja. Mmoja anakoroma, mwenzie atalalaje?"

Alikuwa anatania, lakini nikaweka kiganja juu ya kabati. Mbao nzima ilikuwa inatetemeka. Nikakumbuka karakanani: mtu akiwa anachora mstari, mwenzie hapigi nyundo kwenye meza hiyohiyo, mstari utapinda. Mie mwenyewe nilishafukuzwa mezani kwa kosa hilo.

"Mama, naliweka chini."

"Chini? Spika ya kaka yangu ikae chini kama ndoo ya kudekia?"

"Mama, nakuomba."

Akamtazama Bibi. Akanipisha njia.

Nikalipeleka sanduku kona ya mbali, sakafuni, kuta mbili zinapokutana, kando ya mkeka wa Bibi. Nikarudi, nikashusha sindano huku nimefumba macho.

Jamani. Haikuanzia masikioni, ilianzia kwenye nyayo. Saruji ileile niliyoikanyaga tangu utotoni ilikuwa hai, na kona ile nzima ilikuwa inanguruma taratibu, kama nyumba yetu ilikuwa na moyo siku zote na sie hatujui. Kule kabatini sindano imetulia kama mtu anayeshona. Nilisimama mdomo wazi.

Bibi aliweka kiganja juu ya sanduku.

"Huyu," akasema. "Huyu hapa. Anatembea. Sikia, hana haraka, kama baba yake akitoka shamba."

Tukafika kwenye mkwaruzo, santuri ikaruka. Nilitamani sakafu inimeze.

"Hapo kajikwaa," Bibi akasema.

"Ni mie, Bibi, ndiye nili..."

"Nyamaza, mume wangu. Kashanyanyuka, huyoo anaenda."

Mama akainuka. Nilidhani anakwenda kulia chumbani. Akachukua kitambaa kizuri kuliko vyote, kile cha chini ya redio, akapiga magoti, akakitandaza juu ya sanduku, akakaa sakafuni karibu na mama yake. Kila mjomba alipokanyaga, ncha za kitambaa ziliruka, na sie watatu tukawa tunazitazama tu.