Kilo za Dada

Majuzi binti yangu alishikwa na homa hapa Jinja, nikanunua dawa ya maji pamoja na kile kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari. Nilipokiinua hadi usawa wa jicho ili nione dawa imefika wapi, nilijikuta nimefumba jicho moja. Aliyenifundisha kupima hivyo alikuwa dada yangu.

Wakati huo tuliishi Mbale, upande wa mlima wa Wanale, naye dada alisoma sekondari ya bweni huku Jinja. Kila likizo alirudi na jambo jipya, na somo lililomteka ni kemia. Alijaza maji kwenye chupa kwa bomba la sindano alilopewa na jirani yetu muuguzi, akichora mstari kila baada ya mililita kumi, kisha akaniinamisha mpaka jicho langu likawa sawa na maji. Yanabonyea katikati, alinionyesha. Soma pale chini, si pembeni.

Jaja, bibi yetu, alipima kila kitu kwa kiganja: mchele, chumvi, unga. Siku moja, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yakichemka kwenye mchuzi wa karanga na nyumba nzima ikinukia, dada alimwuliza kiganja kimoja ni gramu ngapi. Jaja akajibu kwamba ni gramu za kumshibisha muulizaji. Tulicheka sana.

Lakini ukimtajia dada namba tupu, hakukubali. Ukisema chupa ina mia mbili, atakuuliza, mia mbili nini? Mwalimu wake aliwaambia kwamba namba bila kipimo ni yatima.

Dada alizaliwa na ugonjwa wa damu wa selimundu. Maumivu ya mifupa yalimjia, yakamwacha, nasi tukayazoea kama tulivyozoea mvua ya mlimani. Likizo moja aliteremka kwenye basi akishikiliwa na mwenzake, macho yamekuwa ya manjano. Mama na mimi tulimpeleka hospitali alikofanya kazi yule jirani, naye akampandisha kwenye mizani.

"Thelathini na moja," alimwambia mama kwa sauti ya chini.

"Thelathini na moja nini?" dada akauliza.

Jirani alimshika mkono kumteremsha. "Kilo, mwanangu."

Mimi nilicheka, nikidhani dada amewashinda watu wazima. Yeye hakucheka. Alimtazama mama, na mama akageukia dirishani. Dada alikuwa ameielewa ile namba kabla yangu.

Ijumaa ya wiki ile tulimzika.

Matanga yalipoanuliwa, jaja alirudi jikoni na kuchota mchele viganja vilevile vya zamani, pamoja na cha dada. Kila siku chakula kilibaki. Hakuna aliyemwambia apunguze.

Sasa jaja naye hayupo, na pale tulipokaa pamejengwa maduka. Sauti ya dada imeanza kunitoka masikioni. Utotoni nilikuwa nikimtazama kwa kuinua uso. Leo nimempita umri kwa mbali. Tulimpima uzito, tukampima homa, lakini urefu wake hakuna aliyewahi kuupima. Najaribu kumsimamisha kando yangu, na sijui kama angenifika begani au angenipita.