Jicho la Mkasi na Sheria Mpya

Kiwanda kizima cha nguo kilimwita Mkasi, na jina lilimkaa. Alikuwa mkata vitambaa kwenye meza ya kola. Akishapiga mstari wake wa chaki, msimamizi hakurudia kupima. Walimjua kwa utani na ulimi mkali. Wachache tu walijua kwamba mama huyu alikuja kazini kila siku roho mkononi.

Macho yalikuwa yanakufa. Kwanza chaki nyeupe ilimpotea kwenye kitambaa cheupe, kisha ya bluu ikampotea kwenye kila kitu. Na kisu cha mashine ya kukatia hakibagui pamba na kidole. Jirani yake wa mezani, waliyemwita Kicheko, alimsomea saizi kwa kunong'ona huku akijifanya anaimba. Ndivyo walivyostiriana pale: mwenzao akiishiwa macho au mgongo, walimbeba kimyakimya, maana ukijulikana mgonjwa, unafukuzwa.

Tegemeo lake lilikuwa akiba ya uzeeni waliyokatwa kwenye mshahara. Kwa sheria ya zamani, ukiacha kazi unachukua fungu lako lote papo hapo. Mkasi alijiambia: giza likifika, nitachukua changu niende. Halafu bunge likapitisha sheria mpya. Kuanzia mwezi ujao, anayeacha kazi atasubiri hadi atimize miaka sitini. Yeye alikuwa na arobaini na tisa.

"Miaka kumi na moja, kipofu, bila kazi, bila senti," alimwambia mumewe, seremala, wakinywa chai ya asubuhi.

"Tusubiri tuelezwe vizuri, mke wangu. Haraka haraka haina baraka."

"Hiyo baraka kula wewe unayeona."

Seremala akamsogezea chai. Alikuwa amemwona akikipapasa kikombe mezani, na yeye pia aliogopa.

Basi Mkasi akapiga moyo konde. Asubuhi ileile Kicheko alimwandikia barua ya kuacha kazi kwa hiari, naye akaipeleka ofisi ya utumishi. Hakuwa peke yake. Nusu ya meza ya kola walikuwa wameshapeleka zao. Hofu ikiingia kiwandani haibishi hodi.

Mchana, mwakilishi wa wafanyakazi alipanda juu ya kreti bwaloni. Huyu alikuwa ameisoma sheria mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawakuzoea kuliona.

"Atakayepoteza uwezo wa kazi kwa maradhi hatasubiri sitini," alisema. "Atalipwa kila mwezi maisha yake yote. Sharti ni moja: ugonjwa utajwe, na daktari athibitishe, mtu akiwa bado kazini. Ukishaacha kwa hiari, umejitoa. Jamani, mficha maradhi kifo humuumbua. Unayeumwa, sema."

Mkasi alipiga hesabu. Fungu lake lote lingewavusha mwaka, labda miwili wakijinyima. Na alichokuwa amekificha kwa kila hila ndicho kingemlisha mpaka kaburini. Akatoka akishika ukuta wa korido hadi ofisi ya utumishi.

"Nimefuata barua yangu, baba," alimwambia afisa utumishi.

"Una bahati, mama. Meneja hajazisaini." Akamsukumia rundo la karatasi. "Tafuta yako."

Zote zilikuwa ukungu mmoja. Akageuza moja, akageuza nyingine. Afisa alikuwa akigonga meza kwa kalamu. Mkasi angeweza kunyakua yoyote akatoka, lakini hiyo ingekuwa riziki ya mwenzake, na yake ingebaki pale ikisubiri saini. Akainua moja, akaisogeza hadi puani.

"Hiyo si yako," alisema afisa, na sasa alikuwa akimtazama usoni. "Jina limeandikwa kubwa hapo juu."

Mwakilishi alisema kuyataja maradhi kutamwokoa, lakini mwakilishi hakuwa meneja, na jana tu kuyataja kulitosha kumfukuzisha mtu. Akaishusha karatasi mezani.

"Nisomee wewe, mwanangu," alisema. "Mimi sioni."

Kalamu ikaacha kugonga.

"Tangu lini?" aliuliza afisa, akachomoa barua yake kwenye rundo na kumpa, kisha akainuka kwenda kufunga mlango.