Kanda ya Kumwona Baba

Sura ya baba yangu siijui. Alichukuliwa siku zile za mapinduzi, mimi bado nanyonya, na picha zake mama alizitia moto jikoni kwa khofu, kwani katika nyingi alikuwa amesimama na watu wa chama kilichoangushwa. Nilipokuwa mtoto nikimuuliza mama baba alikuwaje, alikuwa akinijibu, "Alikuwa mrefu," kisha anatafuta kazi ya kufanya.

Mwishoni mwa miaka ya thamanini, waliokimbilia Arabuni walipoanza kuja kutembea, alikuja mama yangu mdogo kutoka Maskati. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alifunga mlango akashusha sauti.

"Dada, nna jambo. Nlikwenda kwa mwanangu Uingereza, akanipeleka kuangalia filamu. Filamu ya siku zile. Ya hapa kwetu."

Mama aliendelea kupepeta mchele.

"Watu wamejaa nje ya ukumbi wanapiga kelele. Hawa wanasema ipigwe marufuku, uongo mtupu. Wale wanasema hata nusu haikusema. Mie nikaingia. Dada, shemeji yangu yumo."

Ungo ukasimama mikononi mwa mama.

"Wanapitishwa wanaume barabara ya pwani, mikono imefungwa nyuma. Na yeye yumo. Akageuka akatazama kamera."

"Kavaa nini?" mama aliuliza.

"Shati. Kanzu hana."

Mama akatikisa kichwa polepole. "Alitoka na shati," alisema. "Hawakumpa nafasi ya kuvaa kanzu."

Mimi wakati huo nilikuwa mwalimu wa skuli, mtu mzima. Nilimuuliza mama mdogo kama na sisi tungeweza kuiona. Akasema kampuni ya huko imeahidi kuitoa katika kanda za video ili watu waangalie majumbani. Ikitoka tu, ataileta.

Tukaanza kungoja. Mara tukasikia itatoka kabla ya Ramadhani, mara kuna kesi, mara kampuni imeogopa. Mjini wengi walikuwa wameshapata habari zake. Barazani wanaume waligombana juu ya filamu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeiona. Jamaa yetu mmoja alimwambia mama uso kwa uso kwamba atakayeiingiza nyumbani mwake anajitafutia balaa. Mama alimwandalia kahawa.

Mwaka ule wa kungoja ndio mwaka pekee niliowahi kuishi na baba. Mama alianza kumtaja. Jioni tukikata mboga ananiambia alikuwa hali bamia, au alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa mkono kama mwari. Siku moja tulipita Forodhani, akanionyesha mahali walipokaa baada ya harusi yao, wakaona haya hata ya kusemezana. Lakini nikimuuliza uso wake, ananikatiza.

"N'kueleze ya nini? Si utamuona mwenyewe."

Alikuwa akilisema neno hilo kwa furaha, kama mtu aliyekufichia zawadi.

Tatizo letu lilikuwa mashine ya video. Sisi hatukuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni jirani yetu wa juu, na hapo pana maelezo. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Baada ya mapinduzi serikali iliichukua, sisi tukaachiwa vyumba vya chini, na juu wakapewa watu wa Makunduchi, mke na mume. Mama hakupanda ngazi zile tena. Mke alikuwa akishuka yeye, mkono umejaa: muhogo, nazi, samaki wa kukausha. Mume alikuwa mtu mkimya. Mimi nimekua nikimuona kila siku. Ndiye aliyenibeba kwenye mabega yake kunipeleka hospitali nilipovunjika mkono, na ndiye aliyetutengenezea mlango ulipooza. Alifariki mwanzoni mwa miaka ya thamanini. Mama alimlilia.

Mama alipomwambia jirani kuhusu kanda, yule bibi alikaa chini kwenye jamvi bila kukaribishwa.

"Video yangu ni yako," alisema. "Lakini dada, nikwambie kweli, mie naiogopa filamu hiyo."

"Unaogopa kukamatwa?"

"Siogopi hilo. Mume wangu siku zile alipewa bunduki. Alikuwa akisindikiza watu. Wapi, hakuniambia mpaka anakufa. Sasa wewe unaomba mumeo awemo, na mie naomba wangu asiwemo."

Nilidhani mama angesimama amfukuze. Akasema, "Basi tutaangalia pamoja."

Kanda ilikuja mkononi mwa msafiri, imeandikwa juu yake kwamba ni ya harusi, ili wakaguzi wa uwanja wa ndege wasiishughulikie. Siku ile mama alikoga, akavaa dera lake la idi, akajifukiza udi. Tulipanda baada ya sala ya adhuhuri. Kwenye mlango wa chumba cha juu alisita. Kilikuwa chumba alichozaliwa, na ndani yake sasa palikuwa na kochi la kijani na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Jirani alimshika kiwiko akamketisha mahali pazuri. Tukafunga madirisha yote ili sauti isitoke. Joto lilikuwa la kuua mtu.

Filamu ilianza na mikarafuu. Msimulizi alisema Kizungu, nami nikawa nafasiri. Tuliona bandari, tukaona umati unashangilia, tukaona maduka yaliyovunjwa. Kila walipopita watu, mama anasogea mbele ya kochi, na jirani anajivuta nyuma. Ikaja barabara ya pwani. Mama akanishika goti.

"Hapa," alisema. "Tazama vizuri. Tazama sasa."

Barabara ilikuwa tupu. Msimulizi akasema jambo juu ya wafungwa, picha ikaruka, tukawa tunamtazama mzee wa Kizungu anazungumza nyuma ya meza. Kisha bendera. Kisha majina ya waliotengeneza.

"Rudisha nyuma," mama alisema.

Nilirudisha. Barabara tupu, mzee wa Kizungu. Nikarudisha tena. Mara ya tatu jirani mwenyewe ndiye aliyeinuka akazima.

Baadaye mama mdogo alitupigia simu kutoka Maskati, analia. Ameulizia, kampuni iliogopa kesi, ikaikata sehemu ile kabla ya kutoa kanda. Waliofika ukumbini wameiona. Wa majumbani hawataiona.

Lakini siku ile hatukuwa tukijua hayo. Mama aliniuliza, "Labda sikumjua? Labda kapita na mie sikumjua?" Nilimwambia hakupita mtu. Jirani alikuwa analia, kitambaa machoni, na nilijua kuwa nusu ya machozi yale ni ya kushukuru, na mama pia alijua. Alimpapasa mgongoni. "Nyamaza," alimwambia. "Angalau wewe dua yako imekubaliwa."

Tangu siku hiyo mama hakumtaja baba tena. Nilijaribu. Nikapika bamia kusudi ili aseme neno, alikula, akashukuru. Niliwahi kumwambia waziwazi, "Mama, nieleze uso wake basi, kwa kuwa kanda haikuwa nao." Akafumba macho muda mrefu, nikadhani anakusanya maneno. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji.

"Uso wake ulikuwa unanijia vizuri," alisema. "Baada ya siku ile, nikimtafuta naiona barabara tu."

Alifariki miaka michache baadaye. Jirani aliteremka, akamuosha kwa mikono yake pamoja nami, kisha naye akarudi kwao Makunduchi.

Filamu kamili ilitoka miaka ya elfu mbili, katika diski, wakati ambapo hapakuwa tena na mtu wa kuificha wala kuigombea. Nilikuwa nimeolewa, nakaa Mbweni. Mume wangu aliikuta Dubai akaninunulia. Mama mdogo naye alikuwa ameshatangulia. Niliiangalia peke yangu asubuhi, watoto wako skuli.

Barabara ya pwani haikuwa tupu. Walikuja wanaume wengi, mikono nyuma. Wengi wamevaa mashati. Warefu ni wengi. Waliogeuka kutazama kamera walikuwa watatu, kila mmoja kwa kitambo kidogo, na kila mmoja nilimtazama nikingoja damu yangu iniambie. Haikuniambia kitu. Nilisimamisha picha nikawasogelea mpaka nyuso zao zikawa vidoa. Yeyote kati yao angeweza kuwa baba yangu.

Nyuma kabisa ya msafara alipita kijana mwembamba mwenye bunduki. Huyo nilimjua kabla hajafika katikati ya kioo. Nilimjua kwa mabega.

Nilikwenda Makunduchi wiki ile ile. Jirani yetu alikuwa amezeeka sana, amekaa ukumbini anasuka ukili wa mkeka. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama, akajua.

"Umeipata."

"Naam, mama."

"Babaako yumo?"

"Wamo watu, mama. Mimi simjui."

Aliuweka ukili chini. "Na wangu?"

Njiani nilikuwa nimepanga kumwambia hayumo. Nilipofungua mdomo sikuweza.

"Yumo."

"Kafanya nini?"

"Anatembea nao tu. Anatembea nyuma yao."

Kisha akauliza kama mama aliwahi kuiona sehemu hiyo, nikamwambia hapana. Akaanza kulia bila sauti, mwili wote ukitikisika, nami nikajikuta nimelaza kichwa mapajani mwake kama nilivyokuwa nikifanya mdogo, namlilia baba, mwanamme ambaye ningepishana naye njiani nisimwamkie. Tulikaa vivyo hivyo mpaka ikaadhiniwa alasiri, akaomba nimsaidie kuinuka akatie udhu.