Mkanda wa Tatu

Miaka ishirini na miwili Mama Tiketi alikaa kwenye kidirisha cha jumba la sinema, akichana tiketi kwa rula ya chuma, mumewe akiwa juu chumba cha mashine akipachika mikanda ya filamu, mmoja baada ya mwingine. Jumba lenyewe siku hizi ni ghala la magodoro. Lakini sinema moja ya kutisha haikuwatoka akilini: mwanamke peke yake kwenye nyumba kubwa, nyayo za mume ngazini, mwisho kisu. Kila onyesho ukumbi mzima ulimpigia kelele: "Mjinga wewe! Si ungesema?" Na Mama Tiketi, akishafunga kidirisha, alisimama nyuma akapiga kelele kuwashinda wote.

Jumamosi hiyo binti yao aliipata kwenye simu, akaiunganisha na televisheni. Ilikuwa siku ya tano tangu arudi nyumbani na begi moja. Mumewe humfungia mlango kwa nje, alisema, na akiwa ndani humsimamia akimtazama tu, bila neno. Alishamwambia mama, akamwambia baba, akamwambia shangazi. Jibu moja: vumilia, ndoa ndivyo zilivyo. Saa kumi mkwe angekuja kumchukua, na wazee walishakubali.

Basi wakatazama. Baba mtu kajinyoosha kwenye kochi, raha mustarehe. "Hapa watu walikuwa wanajikojolea!" Wapi! Zile nyayo zilisikika kama mtu anayegonga ubao, na binti akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aje.

Mara yule mwanamke wa sinema akavaa koti, akaenda kwa daktari. Daktari akampa vidonge vya usingizi. Akaenda polisi, askari akamuuliza kama wamegombana na mumewe. Akaenda kwa mama yake mzazi. Mama akammiminia chai, akamwambia arudi upesi kabla mume hajakasirika.

Mama Tiketi akaketi wima. "Hiki kipande kimetoka wapi? Sijakiona hata siku moja."

"Mkanda wa tatu huo," mzee akacheka. "Nilikuwa nauruka. Maneno matupu, mama watoto! Watu wamekuja kuona kisu."

"Uliuruka?"

"Kila onyesho. Nani aligundua?"

Loo! Hasira zilimpanda Mama Tiketi. Miaka yote hiyo kamtukana mwanamke wa watu kwa kukaa kimya, kumbe alisema mpaka koo likamkauka, na maneno yake yamefungiwa kabatini na huyu bwana anayechekelea! Tena hasira kali kuliko zote ilikuwa juu yake mwenyewe. Jumanne, binti alipoingia na lile begi, nani alimmiminia chai?

Honi ikalia nje. Mzee akaanza kutafuta kandambili zake. "Mkwe huyo. Haya mwanangu, chukua begi."

Binti akainuka bila kumtazama mtu. Mama Tiketi akamtangulia mlangoni, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

"Mama watoto, una wazimu? Si tumeshakubaliana na mtu?"

"Kaa chini!" Alimkemea hivyo mara ya kwanza katika ndoa yao, na mzee akakaa, kandambili moja mguuni.

Akauchukua mkono wa binti, akautia ule ufunguo kiganjani, akamfumba vidole.

"Utafungua ukitaka mwenyewe. Sasa niambie tena, tangu mwanzo. Babako leo haruki kitu."