Njia ya Kukwepa Nyumba ya Mama Mkwe

Nilikuwa nimevaa tai. Nasema hili mapema ili ujue umeshikwa mkono na mtu wa aina gani. Wageni watatu kutoka Bukavu, waliokuja Baraka kwa semina ya kanisa, walitaka mtu wa kuwatembeza kwa miguu katika mtaa wa zamani, ule unaoshuka hadi ziwani. Mimi, mwalimu wa historia, nilijitolea kabla hawajamaliza kuomba.

Nyumbani nilifanya mazoezi. Nilinyoosha kidole kwenye sufuria nikasema hapa ndipo walipokaa wafanyabiashara wa pembe. Nikageukia beseni nikasema pale ndipo mizigo ilipopakuliwa. Mke wangu aliendelea kumenya muhogo.

"Batachoka," alisema. "Na kwa mama je? Utapita wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu lote. Mama yake anakaa katikati ya mtaa huo huo. Katika ukoo wetu mwanamume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, wala haongei naye ila kwa kupitia mtu. Tukikutana njiani, mmoja wetu huingia majanini. Siku moja sokoni nilijificha nyuma ya magunia ya muhogo mpaka mwenye magunia akaniuliza kama nauza au nanunua. Tangu nioe, nimemjua mama yule kwa kikohozi, kwa pindo za kitenge na kwa visigino. Sura yake sijawahi kuitazama sawasawa.

Heshima hiyo haikunisumbua mpaka ziwa lilipoanza kupanda. Miaka hii maji yamemeza vichanja vya kuanikia ndakala, dagaa wetu wa hapa, yamemeza njia, na sasa yameingia uani kwake. Jiko lake limekwisha kuanguka upande mmoja. Watoto wake wengine wako mbali, na aliye karibu ni mke wangu peke yake. Nyumba yetu iko juu, kando ya barabara ya Fizi, pakavu kabisa. Nilimjengea chumba, nikapiga sakafu ya simenti, nikaweka kitanda. Alikataa katakata.

"Mi nilale ku nyumba ya mukwe?" alimwambia binti yake. "Hiyo haya nitaipeleka wapi?"

Kwa hiyo kilichomweka majini hakikuwa ukaidi. Nilikuwa mimi. Mvua ikianza kunyesha mke wangu anasukuma sahani pembeni, anakaa mlangoni akitazama upande wa ziwa, nami nakaa nyuma yake nikijiona kama gogo. Aibu ya ukwe huvunjwa na mkubwa; mdogo hana ruhusa. Na mkubwa wetu hakutaka.

Mke wangu alinihakikishia kwamba asubuhi ya matembezi mama yake angekuwa kanisani na bamama wenzake. Hata hivyo nilipanga njia ya kuzunguka. Niliwapitisha wageni nyuma ya soko, tukaizunguka shule, tukafuata mtaro, tukatokea karibu na pale tulipoanzia. Nilikuwa nimeinua juu mwavuli uliofungwa ili wasinipotee, watu watatu tu, mchana kweupe. Pikipiki iliyokuwa ikitoka Misisi ilinirushia tope kwenye tai, nami nikaendelea kueleza habari za misafara ya zamani kana kwamba tope hilo lilikuwa sehemu ya somo.

Mmoja wa wageni alikuwa pasta mwenye miguu mirefu, na watu wa miguu mirefu hawapendi mizunguko.

"Mwalimu, juu ya nini tunazunguka hivi? Ziwa iko pale, naiona."

"Historia haiendaka moja kwa moja, pasta," nilimjibu, nikajipongeza kimoyomoyo.

Historia labda haiendi moja kwa moja, lakini maji huenda. Njia niliyoitegemea ilikuwa imezama, na iliyobaki ilipita ubavuni mwa nyumba ya mama mkwe. Pasta aliona matofali yake ya kuchoma, makubwa ya kizamani, akasimama hapo hapo. Alisema hatimaye tumefika mahali penye kitu cha kutazama.

Nilijiambia mama yuko kanisani. Nikaligeuzia dirisha mgongo, nikakohoa kidogo, nikaanza. Nilieleza jinsi baba wa marehemu baba mkwe alivyochoma matofali yale ufukweni, na jinsi nyumba ilivyosimama wakati watu walipokimbia vita na waliporudi. Nilipaza sauti, maana mawimbi yalikuwa yakigonga ukuta wa nyuma.

"Nani anaikala humu?" pasta aliuliza.

"Mama mumoja, muzee."

"Na maji yote hii? Juu ya nini haendi kwa batoto yake?"

"Iko na binti hapa Baraka, lakini anaona haya ya mukwe wake."

"Na uyo mukwe iko muntu wa namna gani?"

Ningeweza kugeuza mazungumzo. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku darasani. Lakini swali lile lilinikuta nimechoka, tai ina tope, maji yakigonga.

"Muntu wa bure tu, pasta," nilisema. "Alijenga chumba, akaweka kitanda, akamaliza. Hawezi hata kumuambia 'jambo, mama.' Bibi yake, binti ya uyo mama, hali, halali. Siku maji itabeba mama, yeye atatoa hotuba muzuri sana ku matanga. Kusema anajua."

Nilijifanya natazama mwavuli. Ndipo nikasikia kikohozi nyuma yangu, karibu mno.

"Mukwe."

Sikugeuka. Pasta alitazama dirishani, akanitazama mimi, akatazama tena dirishani, na nikaona amekwisha kuelewa yote.

"Kumbe unasemaka hivi!" ilisema sauti. "Miaka yote hii nilizania binti yangu aliolewa na bubu."

Wageni walicheka, wakajizuia, wakacheka tena. Mimi nilitaka ardhi inimeze, lakini katika mtaa ule hata ardhi ilikuwa imekwisha kumezwa.

"Nilishindwa kutoka tangu asubuhi," mama aliendelea, taratibu, na sasa hakuwa akitania. "Maji imefika ku mulango, na magoti yangu haina nguvu. Nimechoka, mukwe. Kuya, unibebe."

Nilivua viatu, nikaisahau tai. Niliingia majini macho chini, kwa mazoea, nikajigonga kwenye kinu kilichokuwa kikielea uani. Mlangoni niligeuka, nikachuchumaa, akanipanda mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, na hilo liliniuma. Nililia. Sikuweza kujifuta, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika miguu yake.

Tulipanda mtaa kwa njia iliyonyooka. Pasta alibeba mkeka na sufuria, wenzake wakabeba nguo. Watu walitoka nyumbani, wakashika vinywa. "Mwalimu anabeba mukwe!" mama mmoja aliita, na jirani zake wakatoka kuhakikisha. Hakuna aliyeniuliza habari za wafanyabiashara wa pembe.

Mke wangu alikuwa uani akipepeta unga. Alituona, akasimama, ungo ukamtoka mikononi. Alikuja mbio, akapiga magoti nyuma yangu kabla sijamshusha mama, akafungua kitenge chake cha juu, akaanza kumkausha miguu.