Halijengi Hata Choo

Kalama ni mchimba mawe wa Kakuyuni na ana majivuno. Nasema hivyo mimi Nzai, rafiki yake wa timboni, tunakochimba mawe pamoja. Akiligonga jiwe kwa nyundo mara moja, atakwambia kama litabeba ukuta au litapasuka mvua ya kwanza. Mama yake, Kadzo, alikuwa akiponda kokoto timbo hilohilo. Kalama alipopata binti, desturi yetu Wagiriama ilitaka mtoto arithi jina la nyanya yake, Kadzo. Akakataa, akisema hilo ni jina la vumbi, akamwita Hope.

Mwaka jana Hope alipiga simu kutoka chuo kikuu. Alikuwa ameona kitu kwenye picha za darubini ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Kalama hakungoja kusikia zaidi, akatangaza hadi kanisani kwamba mwanawe amepata nyota. Hope alipokuja Disemba alikuta mbuzi kachinjwa na ua umejaa watu.

Akatueleza kwa upole kwamba si nyota. Ni asteroidi, jiwe linalozunguka jua pamoja na mengine mengi, kati ya Mirihi na Mshtarii, na kwa sasa halina jina, lina namba tu.

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, nakiri. Ua mzima ukafuata. Kalama aliona aibu, na badala ya kunigeukia mimi akamgeukia mtoto.

"Mawe nimechimba miaka thelathini," akasema. "Hilo lako halijengi hata choo."

Hope aliinuka akaendelea kugawa pilau, na kesho yake akaondoka babake akiwa bado amelala.

Wiki iliyofuata Kalama alikuja timboni na karatasi aliyoikuta chumbani kwa binti yake, akaniomba nimsomee kwa kuwa macho yake yameharibiwa na vumbi. Iliandikwa kwamba njia ya jiwe ikishathibitishwa, miaka kadhaa ijayo, aliyeligundua ataruhusiwa kupendekeza jina. Chini yake Hope alikuwa ameandika moja tu: Kadzo.

"Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akakaa juu ya rundo la kokoto, hakufanya kazi siku ile.

Kwa miezi miwili alikuwa akitoa simu na kuirudisha mfukoni. Jana alipiga. Hope alipopokea, Kalama alimwita Kadzo, kisha akanipa mimi simu. Nami, niliyecheka kwanza, nikamwuliza jiwe la Kadzo sasa liko wapi.