Trekta ya Dizeli Iliyolima kwa Gia ya Nyuma

Ijumaa, tarehe sita Machi. Kulikucha na mawingu mazito juu ya milima ya Gwasi, lakini huku kwetu bondeni Lambwe jua liliwaka vizuri tu, na upepo ulileta harufu ya mvua bila mvua yenyewe.

Mambo ya injini siyajui. Niliishia darasa la nane, na ufundi wangu ni kushika tochi mume wangu akiwa amelala chini ya gari la mtu. Kwa hivyo nikikosea mahali, fundi anisamehe. Nitajaribu kusema kila mtu alifanya nini, bila kumpendelea mume wangu kwa sababu ni wangu.

Trekta ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Ilikuwa ya petroli, na wanasema ilikunywa petroli kama mtu aliyetoka matanga. Mzee alipofariki ilisimama kando ya zizi, injini ikaoza, kuku wakataga mayai chini ya kiti. Shemeji mkubwa, kaka ya mume wangu, alitaka iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Hakusema hivyo kwa ubaya. Chuma kimelala, watoto wanaumia juu yake, hata mimi ningesema hivyo. Lakini mama mkwe alikataa, na mwaka huu akatoa neno lililotufunga sote: shamba lake litalimwa na trekta ya mzee, au halitalimwa kabisa.

Mimi nimezaliwa Ukurya nikaolewa kwa Wajaluo, na uzito wa neno hilo ulinichukua muda kuuelewa. Katika boma hili mama ndiye anayefungua msimu. Yeye alime kwanza, apande kwanza. Baada yake ni nyumba ya mwana mkubwa, halafu wanaofuata, mpaka kwa kitindamimba, ambaye ndiye mume wangu. Ukimtangulia mama umeharibu, na hapa hakuna anayelicheka jambo hilo. Sasa mama amekaa anangoja trekta, basi boma zima limekaa. Majirani walishamaliza kulima kwa ng'ombe. Udongo wetu ni ule mweusi, ukinyeshewa mara moja unashika magurudumu kama ugali kwenye mwiko, na hakuna trekta itakayoingia tena. Mvua ikitukuta hivi, hakuna wa kupanda.

Mume wangu alipata injini ya dizeli huko Macalder, kwa fundi aliyekuwa akiendesha nayo kinu cha kusaga mawe ya dhahabu. Ni injini ya zamani, ina gurudumu zito la chuma kila upande. Fundi alikuja nayo mwenyewe, akakaa kwetu wakikata, wakichomelea vyuma, wakitoboa matundu. Ile ya petroli ilitolewa kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti. Dizeli ikakaa mahali pake, na mkanda ukafungwa kupeleka nguvu kwenye gia.

Fundi alikuwa ameichorea injini mshale kwa chaki, kuonyesha upande wa kutazama mbele. Mume wangu akaona ikikaa hivyo moshi utampiga dereva usoni. Wakazungumza, wakaigeuza. Sijui lawama ni ya nani. Fundi alikubali, na mimi niliyekuwa naleta chai nikasema kweli, moshi ni mbaya.

Leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Trekta ilisimama mpakani, plau imeshushwa tayari, shamba la mama likiwa mbele yake. Nyuma yake ni shamba letu, katikati kuna ua wa ojuok tu, ile minyaa yenye utomvu mweupe. Mama alikuja amefunga kitambaa kipya kichwani, mbegu ziko kwenye karai. Fundi akazungusha hendeli, injini ikakohoa, ikakataa, halafu ikakubali: du-du-du-du, mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

“Omera, ndugu yangu, imelia!” shemeji akapiga kelele. Nilimwona, alifurahi kutoka moyoni.

Mume wangu akaingiza gia ya kwanza, akaachilia klachi. Trekta ikarudi nyuma.

“Gia ya kwanza, wewe!” fundi akasema.

“Hii ndiyo ya kwanza!”

“Basi tia ya pili!”

Akatia ya pili. Ikarudi nyuma kwa haraka zaidi, ikapita juu ya ua wa ojuok, ikaingia shambani kwetu na plau ikikwaruza. Fundi alikuwa anakimbia kando yake akichapa bodi kwa mkono kama mtu anayefukuza punda. Ilipozima ndipo alipokishika kichwa chake.

“Tumeigeuza,” akasema. “Tumeigeuza, na mzunguko nao umegeuka. Sasa gia za mbele zinaenda nyuma.”

“Na ya nyuma?” mume wangu akauliza.

“Jaribu.”

Wakaiwasha tena, akatia gia ya nyuma. Kweli ikaenda mbele, taratibu, inalia kama mbuzi. Tukapiga makofi. Lakini mshikio wa kuinulia plau ulikuwa umeshikwa na kutu, na hakuna aliyeukumbuka; plau ikabaki chini. Trekta ikatoka shambani kwetu ikiacha nyuma yake mstari mmoja safi, udongo umepinduliwa unang'aa. Makofi yakaisha moja moja.

Shemeji ndiye aliyesema. “Mmelima. Mmelima kwa kitindamimba kabla ya Mama.”

“Hatukulima,” mume wangu akajibu. “Tulikuwa tunatoka.”

“Mmetoka na plau?”

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitamani kuurudisha ule udongo kwa mikono. Nilifikiri pia, na naandika kwa sababu ni kweli, kwamba watasema ni kwa sababu ya mke wa kutoka nje. Hakuna aliyesema hivyo. Hilo lilikuwa langu mwenyewe.

Mama akainuka na karai lake. Akaenda mpaka kwenye mstari, akautazama mwanzo mpaka mwisho, akaniita kwa Kiswahili, maana Dholuo yangu bado inachechemea.

“Nyar Kuria,” yaani binti wa Wakurya, ndivyo anavyoniita, “hapa ni kwako?”

“Ndiyo, Mama.”

“Nipe huu mstari. Msimu huu peke yake.”

Nikasema nimempa. Akainama, akaanza kupanda: mbegu mbili, anafunika kwa mguu, hatua moja, mbegu mbili. Alipofika mwisho akajinyoosha, akamgeukia shemeji.

“Shamba la kwanza kulimwa ni la nani?”

Shemeji akafikiri kidogo. “Mama, hiyo iko kwa desturi kweli?”

“Nani anafungua msimu hapa?”

“Ni wewe.”

“Basi nimefungua. Kuna mwingine ana swali?”

Mpaka sasa sijui kama ni desturi ya zamani au aliitunga pale pale. Shemeji naye ana haki ya kuuliza, yeye ndiye atakayeulizwa na wazee wa ukoo. Lakini niliona mabega yake yameshuka, na yangu pia.

Fundi akaanza kutafuta spana. Alisema ataigeuza injini irudi ilivyokuwa kwenye mshale, kesho jioni itakuwa tayari. Mama akatazama mawingu.

“Si inaenda mbele?”

“Kwa gia moja, Mama. Ile ya nyuma.”

“Moja inatosha. Kwani mnaenda Kisumu?”

Hivyo ndivyo shamba la mama lilivyolimwa kwa gia ya nyuma, mchana kutwa. Ng'ombe wangeipita, sitadanganya. Na ile petroli, shemeji anasema, wakati wa mzee ilikuwa na mbio kuliko hii. Lakini haikuzima hata mara moja, na mafuta hayakufika nusu ya mtungi. Watu walisimama barabarani. Mmoja akauliza kwa nini dereva anatia rivasi na anaenda mbele, fundi akamwambia hizi ni za kisasa.

Zilipobaki raundi chache shemeji akaomba kuendesha. Mume wangu akashuka, akampisha. Shemeji alikaa wima pale juu kama marehemu alivyokuwa akikaa, mama akasema, halafu akarudi kupanda mistari yake.

Mvua tuliyoiogopa ilipita pembeni, ikaenda kuwanyeshea watu wa kisiwa cha Takawiri. Kesho ni nyumba ya shemeji. Fundi ameomba injini igeuzwe kwanza, shemeji amesema akiigusa kabla shamba lake halijalimwa watakosana.

Jioni tulikula wote kwa mama: ugali wa mtama, samaki wa ngege wa kuchemsha na osuga, yaani mnavu, iliyolala kwenye maziwa. Fundi alipewa kichwa cha samaki mkubwa, akakimaliza mpaka macho.